Meza Kabla ya Jukwaa: Utetezi wa Lalamiko la Shabiki Mkongwe wa Katuni

Miongoni mwa wanaofuatilia burudani ya vijana jijini Nairobi kumeenea rai ambayo siku hizi hutajwa kana kwamba haihitaji ushahidi. Rai hiyo inashikilia kwamba makongamano ya katuni, yaani mikusanyiko ya siku moja hadi tatu ambako wachoraji, wachapishaji na wasomaji wa hadithi za picha hukutana ili kuuziana kazi na kuzijadili, yamekomaa kwa sababu yameacha kuwa ya katuni peke yake. Kwamba mashindano ya gemu, maonyesho ya mavazi, jukwaa la muziki na mahema ya kampuni za simu ndiyo yaliyoleta umati. Na kwamba anayenung'unika kwa kuona meza za vijitabu zikisogezwa hadi ukutani ni mtu aliyepitwa na wakati, anayeulilia ujana wake. Waandishi wa habari za burudani husema hivyo, waandalizi husema hivyo, na hata baadhi ya wachoraji, kwa kuchelea kuonekana wana kinyongo, huitikia vivyo hivyo. Makala haya yanashikilia kinyume chake: lalamiko la shabiki mkongwe ni lalamiko la mnunuzi, wala si la mtu aliyelewa kumbukumbu, na mnunuzi anayelalamika kwamba duka limefungwa hajibiwi kwa kuambiwa kwamba ukumbi umejaa.

Anayeitwa shabiki mkongwe hapa si lazima awe na mvi. Ni yule aliyeanza kuhudhuria mikusanyiko hii katika mwongo wa 2010, ilipokuwa bado midogo, wakati Nairobi Comic Convention, inayojulikana kwa kifupi kama NAICCON, na mikusanyiko mingine kama Otamatsuri, iliyoegemea anime na manga, yaani filamu na vitabu vya katuni vya Kijapani, ilipokuwa ikijitafutia nafasi katika kalenda ya jiji. Hoja zinazofuata hazilengi kongamano lolote kwa jina, kwa kuwa jambo linalojadiliwa ni mkondo ambao mikusanyiko ya aina hii hufuata kila inapopanuka, Nairobi na kwingineko. Ni kweli pia kwamba baadhi ya wakongwe husema ovyo. Wapo wanaomcheka msichana aliyevaa kama mhusika wa manga ambayo, kwa dhana yao, hajaisoma, na wapo wanaodhani kwamba asiyeweza kumtaja aliyechora hadithi ya kwanza ya Spider-Man mwaka 1962 hastahili kuuziwa tiketi. (Mchoraji huyo ni Steve Ditko, na kumjua hakujamfanya mtu yeyote kuwa mnunuzi bora wa katuni za Kenya.) Hao hawatetewi hapa. Lakini upuuzi wa wachache umetumiwa kwa muda mrefu kama kisingizio cha kutosikiliza hoja ya wengi, nayo ni hoja nyepesi kueleweka: walikuwa wakienda kununua kazi mpya za wachoraji wa hapa, na sasa kila mwaka wanazikuta chache zaidi.

Jibu linalotangulizwa dhidi yao ni la soko. Wakenya, husemwa, hawanunui katuni, kwa hiyo mwandalizi hana budi kuwapa wanachokinunua. Hoja hii huonekana nzito mpaka inapopelekwa River Road, barabara inayopita upande wa chini wa katikati ya jiji, sambamba na mitaa ya wapiga chapa, wauzaji wa kanda na diski, hoteli za bei nafuu na steji za matatu, ambayo kwa zaidi ya nusu karne imekuwa kiwanda na duka la utamaduni wa watu wasio na fedha nyingi. Huko ndiko lilikopata jina lake tawi zima la filamu, Riverwood, yaani filamu zilizopigwa kwa siku chache na kwa gharama ndogo, kwa Gikuyu, Kiswahili na lugha nyingine za nyumbani, zikauzwa kwenye diski kwa bei ambayo kondakta wa matatu aliweza kuimudu. Kutokana na mazingira hayohayo umma ulimzoea DJ Afro, aliyepata umaarufu kwa kuzisimulia upya filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mtaani juu ya sauti za asili, hata mtazamaji asiyejua Kiingereza wala Kichina akafuata kila pigo na kila kisasi. Wateja wa biashara hizo ndio haohao wanaosemwa kuwa hawana desturi ya kulipia hadithi. Walizilipia, nazo nyingine zilikuwa na picha iliyotetemeka na sauti iliyokatika.

Kwa upande wa katuni zenyewe, kumbukumbu iko wazi zaidi. Mwaka 1973 Hilary Ng'weno, aliyekuwa Mkenya wa kwanza kuwa mhariri mkuu wa gazeti la Nation, alishirikiana na mchoraji Terry Hirst kuanzisha jarida la Joe, lililopewa jina la mwananchi wa kubuni aliyeyapokea masaibu ya jiji kwa kicheko, na ambalo hadi lilipokoma mwaka 1979 lilichapisha hadithi fupi bega kwa bega na katuni za mfululizo. Mwaka mmoja kabla ya Joe, David Maillu alikuwa ameanzisha kampuni yake ya Comb Books na kuanza kuuza vitabu vidogo kuhusu ulevi, ofisi na mapenzi ya mjini, ambavyo wahakiki walividharau kama fasihi ya River Road na wasomaji wakavinunua bila kuwauliza wahakiki. Edward Gitau alimchora Juha Kalulu katika Taifa Leo kwa miongo mingi, kiasi kwamba wapo wasomaji waliojifunza kusoma Kiswahili kwa kuanzia ukurasa huo. Hirst alirudi na mfululizo wa Pichadithi, uliozigeuza hekaya za hapa, kama ile ya Lwanda Magere, shujaa wa Waluo ambaye siri ya nguvu zake ilikuwa kivulini mwake, kuwa vijitabu vya picha vya kununuliwa na kusomwa hadi kurasa zikachanika. Frank Odoi, Mghana aliyeifanya Nairobi kuwa nyumbani hadi alipofariki mwaka 2012, aliwachorea wasomaji wa magazeti Golgoti na Akokhan, hadithi zilizojaa mashujaa na nguvu za ajabu zenye asili ya Afrika, miaka mingi kabla ya studio za Marekani kugundua kwamba shujaa mweusi anaweza kujaza ukumbi wa sinema. Na katika miaka ya 1990 kampuni ya Sasa Sema ilichapisha Nairobi vitabu vya katuni kwa Kiswahili, kimojawapo kikiwa Abunuwasi cha mchoraji Gado, kabla ya orodha yake kuchukuliwa na mchapishaji Longhorn.

Orodha hiyo ingeweza kurefushwa hadi Dar es Salaam, kwa Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru na kwa jarida la Sani lililosomwa na kupokezanwa mkono kwa mkono, au kurudishwa nyuma hadi kwa Lance Spearman, mpelelezi wa hadithi za picha za kupigwa kwa kamera ambazo jarida la African Film lilizisambaza katika nchi nyingi za Afrika tangu miaka ya 1960. Mfano wa Shujaaz unatosha kuifunga sehemu hii. Jarida hilo la katuni, lililoanza mwaka 2010 kwa lugha ya Sheng, lilisambazwa likiwa ndani ya gazeti la Daily Nation na kwenye vibanda vya mawakala wa M-Pesa, likapata wasomaji wengi, na mradi wake ukatunukiwa tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka 2012 na tena mwaka 2014. Mpinzani atasema, na kwa haki, kwamba Shujaaz lilitolewa bure kwa fedha za wafadhili. Ndivyo ilivyokuwa. Lakini lilichothibitisha ni kwamba kizuizi hakikuwa katika jicho la msomaji. Mara katuni ilipomfikia pale alipokuwa akipita kila siku, kwa lugha aliyokuwa akiizungumza, aliisoma.

Kilichokosekana katika historia yote hiyo, basi, ni mahali pa kudumu pa kuuzia. Gazeti linalomweka mchoraji ukurasani linaweza kumtoa mhariri anapobadilika. Mfadhili huondoka mradi unapokwisha. Na duka la vitabu la Kenya, ambalo msomaji wa nchi nyingine angelitarajia kuwa kimbilio, limejengwa juu ya vitabu vya kiada, yaani vile vinavyotumika darasani. Tena tangu serikali ilipoanza mwaka 2018 kuagiza wachapishaji wapeleke vitabu hivyo moja kwa moja shuleni, maduka mengi yamepoteza sehemu kubwa ya mapato, na mwenye duka aliyebanwa hivyo hawezi kulaumiwa anapokataa kuweka rafuni kijitabu cha kurasa 32 kisicho na uti wa kuandikwa jina. Wauzaji wa vitabu vya mitumba wanaotandaza bidhaa zao kwenye vijia vya katikati ya jiji huuza katuni, lakini karibu zote ni za Marekani na Uingereza, zilizokuja ndani ya marobota pamoja na riwaya na majarida ya zamani. Hivyo kongamano lilipozaliwa halikuja kuongeza burudani katika jiji lenye burudani tele. Lilikuja kuziba pengo la duka, na kwa mchoraji wa Nairobi likawa, kwa siku hizo moja hadi tatu kila mwaka, duka pekee lililomwekea kazi yake mbele ya watu waliotoka nyumbani wakiwa na nia ya kuinunua.

Uzito wa jambo hili hauonekani mpaka ieleweke jinsi kijitabu chenyewe kinavyotengenezwa. Katika karakana zilizoko kati ya River Road na Kirinyaga Road, ambazo riziki yake hutokana na vitabu vya risiti, kadi za harusi, kalenda, mabango ya mahubiri na vijitabu vya wasifu wa marehemu, mchoraji hukabiliwa na njia mbili. Ya kwanza ni uchapaji wa ofseti, ambao ukurasa huhamishiwa kwanza kwenye bamba la chuma, na rangi nne zinazochanganyika kutoa rangi nyingine zote huhitaji kila moja bamba lake. Gharama ya kutengeneza mabamba na kuitayarisha mashine ni ileile iwe zinachapwa nakala 50 au 2,000, kwa hiyo bei ya nakala moja hushuka kadiri idadi inavyopanda. Ya pili ni uchapaji wa kidijitali, usiohitaji bamba, unaokubali nakala chache lakini unaotoza kila nakala bei karibu sawa kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, na bei hiyo si ndogo. Anayetaka kuuza kwa bei ya River Road lazima achape kwa wingi, na anayechapa kwa wingi lazima awe na hakika ya wanunuzi. Juu ya hayo, tangu sheria ya kodi ya ongezeko la thamani ya mwaka 2013, vitabu viliingizwa katika kiwango cha asilimia 16.

Kongamano lilikuwa jibu la fumbo hilo, kwa sababu lilimpa mchoraji vitu ambavyo mpiga chapa hawezi kumpa: tarehe ya mwisho inayomlazimisha kumaliza hadithi, makadirio ya idadi ya wanunuzi, na fedha taslimu au za M-Pesa zinazoingia siku ileile ili deni la karakana lilipwe Jumatatu. Athari ya ada ya meza, yaani malipo anayotozwa msanii ili apewe nafasi ya kuuzia, hufahamika kwa hesabu ndogo ya mfano. Ikiwa kijitabu kimegharimu shilingi 150 kuchapwa na kinauzwa shilingi 300, msanii anayelipa ada ya shilingi 3,000 atahitaji kuuza nakala 20 ili kuirudisha ada hiyo. Akitozwa 15,000 atahitaji kuuza nakala 100 kabla ya kupata hata nauli, na hapo bado hajala, hajamlipa msaidizi wake, wala hajazihesabu nakala zilizochafuka. Kampuni inayouza simu huandika ada hiyohiyo katika fungu la matangazo na kuisahau. Kwa hiyo ada moja inayotozwa wote kwa usawa haiwapimi kwa usawa. Humfukuza mmoja na kumkaribisha mwingine, bila mtu yeyote kuhitaji kutangaza kwamba katuni zimeondolewa. Shabiki mkongwe anayesema kwamba meza zimepungua anayaeleza matokeo ya hesabu hii, hata kama hana lugha ya kiuchumi ya kuyaeleza.

Hapa inafaa kusahihisha kosa moja ambalo wakongwe wenyewe wamechangia kulieneza, la kudhani kwamba adui wa katuni ni kosplei, yaani desturi ya shabiki kushona na kuvaa mavazi ya mhusika anayempenda na kuigiza mwendo wake. Anayedhani hivyo hajawahi kufuatilia vazi moja tangu linapoanza. Kitambaa hununuliwa Biashara Street baada ya kubishana bei kwa nusu saa, povu la kutengenezea deraya hukatwa kwa wembe na kuunganishwa kwa gundi ya moto, taa ndogo za kifuani na nyaya zake hutoka katika maduka ya vifaa vya umeme ya Luthuli Avenue, na fundi cherehani aliyezoea sare za shule hulazimika kuelewa kwa nini bega moja ni kubwa kuliko jingine. Kosplei ni kazi ya mikono ya katikati ya jiji sawa na kijitabu kilichoshonwa pini Kirinyaga Road, na mvaaji mara nyingi ndiye mnunuzi wa kwanza wa mchoraji. Mstari wa kweli unaoligawa kongamano hauko kati ya wasomaji na wavaaji. Uko kati ya walioleta walichokitengeneza na waliokuja kununua macho ya umati. Wavaaji nao wameanza kulalamika, kwa kuwa umati huwapiga picha bila kuwaomba, picha hizo zikatumika katika matangazo ya mwaka unaofuata, nao wakarudi tena mlangoni kulipa kiingilio.

Watetezi wa mkondo mpya hupenda kutaja San Diego kama ushahidi kwamba ukuaji hauna njia nyingine. Kongamano la San Diego, huko California, lilianza mwaka 1970 likiwa na watu takriban 300 waliokutana katika hoteli ya U.S. Grant, na siku hizi huhudhuriwa na zaidi ya watu 130,000. Ni kweli pia kwamba filamu ilibisha hodi huko mapema: mwaka 1976 waandaaji wa Star Wars walikwenda kuitangaza, mwaka mmoja kabla haijaonyeshwa. Lakini anayetaja ukuaji huo huacha kutaja kilichotokea mwaka 2017, wakati Mile High Comics ya Denver, mojawapo ya wauzaji wakubwa wa katuni nchini Marekani, ilipojiondoa baada ya kushiriki kwa miaka 44 mfululizo, mmiliki wake akilalamikia gharama na umati uliokuwa ukivutwa nje ya ukumbi wa mauzo. Ikiwa muuzaji wa kiwango hicho, mwenye maghala na wateja wa nchi nzima, aliona hesabu haikubali, basi kumwambia msanii wa Nairobi mwenye sanduku moja la vijitabu kwamba atanufaika na ukubwa wa tamasha ni kumwahidi kilichomshinda tajiri.

Zaidi ya hayo, San Diego si mfano pekee. Jijini Tokyo mnamo Desemba 1975 ulianza mkutano uitwao Comic Market, au Comiket kwa kifupi, ukiwa na vikundi 32 vya wachoraji na wageni takriban 700, na umekua hadi kuhudhuriwa na mamia ya maelfu ya watu kwa kila awamu, mara mbili kwa mwaka, bila kuuondoa moyoni mwake msanii anayejichapishia. Siri yake haina muujiza. Waandalizi wake waliamua tangu mwanzo kwamba pale hakuna wateja wala watumishi, wote ni washiriki. Meza za vikundi hugawanywa kwa maombi na kura na si kwa kumwangalia mwenye fedha nyingi. Makampuni yametengewa eneo lao. Na kwa miaka mingi mgeni wa kawaida aliingia bila kulipa kiingilio. Kosplei ipo, tena kwa wingi, nje na pembeni ya kumbi za mauzo, na haijawahi kumnyima mtu meza. Ukuaji, kwa hiyo, unaweza kuelekezwa, na anayesema kwamba umati lazima uimeze katuni anaeleza uamuzi wa waandalizi kana kwamba ni sheria ya maumbile.

Kuhusu hoja kwamba katuni sasa zimehamia kwenye simu, na kwamba meza zimepitwa na wakati, haihitaji maneno mengi. Ni kweli kwamba kijana wa Nairobi husoma katuni kwa kuviringisha kioo cha simu akiwa ndani ya matatu, na ni vyema. Lakini anachokisoma hivyo kwa kawaida ni bure, au kinalilipa jukwaa la kampuni ya ng'ambo kabla hakijamlipa mchoraji, na hata nchi ambayo imezoea kulipana kwa M-Pesa tangu mwaka 2007 haijageuza wingi wa wasomaji hao kuwa mshahara wa wasanii. Simu humtambulisha mchoraji kwa msomaji. Mezani ndiko msomaji hutoa fedha, kwa sababu pale amemwona aliyemfanyia kazi, ametiwa saini kijitabu chake, na anaona haya kuondoka mikono mitupu. Haya hiyo ni sehemu ya uchumi wa sanaa, ingawa wachumi hawaiandiki.

Inabaki hoja iliyo nzito kuliko zote, ya wadhamini, yaani kampuni zinazolipia ukumbi, vipaza sauti na ulinzi ili majina yao yaonekane. Bila wao, husemwa, hakuna kongamano, na hili halina budi kukubaliwa kwa sehemu, kwa kuwa ukumbi wa Nairobi haukodishwi kwa mapenzi. Lakini mdhamini hununua umati, na umati huo ulikusanywa na nani? Ulikusanywa kwa miaka ya mwanzo na wachoraji waliokuja na sanduku mabegani, na mashabiki waliopanga foleni juani kwa ajili ya toleo jipya. Kumtoza mchoraji ada ya kumpandisha mbele ya umati alioukusanya mwenyewe, kisha kuuuza umati huohuo kwa kampuni ya simu, ni kuuza kitu kimoja mara mbili, na River Road inajua jina la biashara ya namna hiyo vizuri, kwa kuwa wanamuziki wake walidhulumiwa kwa miongo kadhaa na wanakili haramu waliouza kazi zao kwa bei ya mkate. Haifai kuisifu barabara hiyo kana kwamba haikuwa na wezi. Ilikuwa nao, na wasanii waliofilisiwa nao wanaweza kuwaeleza waandalizi jinsi soko linavyokufa pale anayetengeneza anapokuwa wa mwisho kulipwa.

Suala la mahali nalo haliwezi kurukwa. Kadiri mikusanyiko ilivyopanuka ndivyo ilivyovutwa kuelekea kumbi za maonyesho za magharibi mwa jiji, Westlands na vitongoji jirani, ambako kuna maegesho ya magari, viyoyozi na maduka makubwa. Mashabiki wa Lavington hawakupoteza kitu. Lakini msomaji anayetoka Kayole, Umoja au Dandora hulazimika kushuka katikati ya jiji na kupanda matatu ya pili, alipe kiingilio, kisha ale kwa bei za maduka hayo, na fedha ambazo zingenunua vijitabu vitatu zinaishia njiani. Katikati ya jiji ndiko matatu zote hukutana, na kuna kumbi huko, kutoka KICC hadi Alliance Française. Hata upande wa Eastlands, maktaba za umma za Kaloleni na Makadara, zilizokarabatiwa na shirika la Book Bunk, zinafaa kwa soko dogo la katuni la siku moja, ambalo halihitaji jukwaa wala moshi wa rangi. Kongamano kubwa la mara moja kwa mwaka halizuii masoko madogo ya kila baada ya miezi mitatu, na mchoraji anayejua kwamba atauza tena baada ya miezi hiyo anaweza kuagiza ofseti bila kuweka rehani kompyuta yake.

Kila mwaka, baada ya ukumbi kufagiliwa, hutangazwa idadi ya wageni, nayo hupanda, na vyombo vya habari huipokea kama cheti cha afya. Idadi hiyo haimwambii msomaji jambo analohitaji kulijua. Waandalizi wanaotaka kuaminiwa watangaze pia ni meza ngapi ziliuza kazi za wachoraji wa hapa, kila meza ilitozwa shilingi ngapi, na ni vijitabu vingapi vipya vilizinduliwa siku hizo. Mpaka takwimu hizo zitakapowekwa wazi, shabiki mkongwe anayekataa kununua tiketi hajakosea, na fedha aliyobaki nayo aipeleke moja kwa moja kwa mchoraji.